SIMU YA MKONO NA MSHAHARA WA MFANYA KAZI

Hotuba kwa wanachama wa Keringet

Najua kuwa wengine mmetoka mbali, upande wa Olenguruone na upande wa Molo, na ya kuwa mvua ya Mau haingoji mkutano kwisha. Kwa hivyo sitapoteza wakati wenu.

Nimeombwa niseme juu ya kutunza fedha. Nimechagua jambo moja tu ambalo kila mtu aliyeketi hapa analo mfukoni sasa hivi, nalo ni simu ya mkono. Kodi ya nyumba twajua ni kiasi gani, karo ya shule twajua, unga twajua bei yake dukani. Lakini ukimwuliza mfanya kazi, "Ndugu, mwezi uliopita simu yako ilikula shilingi ngapi?" atatazama juu, atatazama chini, kisha atasema, "Kidogo tu." Hiyo "kidogo tu" ndiyo nataka tuihesabu leo.

Labda mwingine atauliza: je, hii ni kazi ya chama? Chama si cha kudai mishahara, nyumba na saa za kazi? Ni kweli. Lakini shilingi ina milango miwili, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Chama chapigana mwaka baada ya mwaka katika mlango wa kuingilia. Tukiuacha ule wa kutokea wazi mchana na usiku, nyongeza tunayoipata mezani kwa mwajiri itapita ndani ya nyumba zetu kama upepo, wala watoto hawataiona.

Tena liko neno la pili. Wako watu wasemao kwamba mfanya kazi hana haja ya nyongeza, kwa kuwa fedha za kuchezea simu anazo. Maneno hayo si haki. Siku hizi simu si pambo. Kwa simu huitwa kazini, kwa simu hupelekewa mshahara, kwa simu mwalimu huita mzazi. Mtu asiye na simu ni kama mtu asiye na anwani. Basi hatusemi simu zitupwe. Twasema simu itumikie mwenyewe, wala si mwenyewe aitumikie simu.

HESABU YA MWEZI

Tuanze na mshahara. Amri ya mishahara ya wafanya kazi wa mashamba iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanya kazi asiye na ufundi kuwa Sh. 7,997/33 kwa mwezi. Walio chini ya mapatano ya chama hupata zaidi, lakini tushike kima hicho cha chini ili hesabu iwe nyepesi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama Sh. 307/-.

Sasa tuseme mtu ananunua kredo ya Sh. 20/- kila siku. Kwa siku 30 ni Sh. 600/-. Hizo ni karibu siku mbili za kazi. Mwingine ananunua ya Sh. 50/- kila siku, ishirini asubuhi na thelathini jioni. Kwa mwezi ni Sh. 1,500/-. Hizo ni karibu siku tano za kazi. Yaani mtu huyu amechuma chai siku tano katika baridi ya Keringet, na majani yale yote hayakuingia kiwandani, yameingia ndani ya simu.

Na hapo hatujahesabu ada ya kutuma fedha, ada ya kutoa fedha, mkopo wa kredo, mkopo wa fedha, wala shilingi za kuchaji kibandani. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ndiyo mali isiyo na daftari kupita zote.

BEI HAISHUKI KWA HURUMA

Kabla ya kutaja matundu fedha zinapovujia, ni vizuri tujue tulikotoka. Wazee wetu wakumbuka siku za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Baadaye likawa shirika la Posta na Simu la Kenya, mpaka mwaka 1999 lilipogawanywa. Wakati ule, mtu wa hapa akitaka kusema na ndugu yake aliye Mombasa, alipanda gari akaenda mjini penye posta, akasimama katika foleni, akapiga simu dakika chache, akarudi nyumbani jioni. Wengi waliandika barua tu.

Mwaka 2000 kampuni mbili zilianza kushindana kwa simu za mkono, Safaricom na KenCell, ambayo baadaye iliitwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 Airtel. Mwanzoni simu zilikuwa za mabwana wakubwa. Bei zilishuka namna gani? Hazikushuka kwa huruma ya mtu. Mwaka 2010 mkubwa wa mawasiliano wa Serikali alipunguza ile ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine simu inapovuka mtandao, ikatoka Sh. 4/42 ikawa Sh. 2/21. Agosti mwaka huo huo Zain ikapiga bei ya dakika mpaka Sh. 3/-, na wenzake wakalazimika kuifuata. Ada hiyo iliendelea kushuka, ikawa senti 58 Agosti 2022, na senti 41 Machi 2024. Tena tangu Aprili 2011 mtu aweza kuhamia kampuni nyingine bila kubadili namba yake.

Vivyo hivyo, kwa miaka mingi data uliyoinunua ilikufa siku yake ikifika, hata kama hukuitumia. Watu walilalamika, mwananchi mmoja akalipeleka jambo hilo mbele ya sheria, na Oktoba 2019 Safaricom ikatoa data isiyo na mwisho. Mnaona, ndugu zangu? Mwenye duka hupunguza bei anapoona mteja anajua hesabu, na ya kuwa anaweza kuondoka. Mfanya kazi wa chama analijua somo hili tangu zamani.

TUNDU LA KWANZA: KUNUNUA KWA VIJIKO

Mtu anunuaye sukari kijiko kimoja kimoja hulipa zaidi ya anunuaye kilo. Kredo ni vivyo hivyo. Bando la siku moja huonekana rahisi kwa sababu fedha unazotoa ni chache, lakini saa 24 zikipita, kilichobaki kimekufa, na kesho waanza upya.

Lakini nawaonya pia upande wa pili. Bando kubwa la mwezi si rahisi kwa kila mtu. Aonaye gunia limejaa hupika sufuria kubwa. Mtu akinunua data ya mwezi mzima, akaimaliza kwa siku kumi kwa kutazama mpira na vichekesho, amelipa zaidi kuliko yule wa vijiko. Basi kanuni ni hii: kwanza ijue haja yako ya juma moja, kisha nunua mpango unaolingana na haja hiyo. Ukiwa mtu wa kupiga simu tu, usinunue data. Ukiwa mtu wa ujumbe, usinunue dakika. Na kama matumizi yako ni machache na hayana siku maalum, nunua ile isiyo na mwisho, hata ikiwa inaonekana ghali kidogo, kwa maana hulipi kitu kitakachokufia mkononi.

Tena kabla ya kupiga, tazama kama umenunua bando au unakula kredo yenyewe. Wengi hufungua data wakiwa hawana bando, na kredo yote inakwisha kabla hawajasoma ujumbe wa pili. Kwa watu wa Safaricom, *144# huonyesha salio na *544# huonyesha mabando ya data. Ni dakika moja tu, nayo haina malipo.

TUNDU LA PILI: KUKOPA KREDO

Okoa Jahazi ni jina zuri, lakini jahazi hilo lina nauli. Ada yake ni asilimia 10. Ukikopa Sh. 50/-, Sh. 5/- ni ya mkopeshaji. Mtu husema, "Shilingi tano ni nini?" Haya, tuhesabu. Anayekopa Sh. 50/- kila siku hulipa ada ya Sh. 150/- kwa mwezi, na Sh. 1,800/- kwa mwaka. Hizo ni karibu siku sita za kazi, naye hakununua hata dakika moja kwa fedha hizo.

Dawa yake ni moja. Siku ya mshahara, weka kando kredo ya dharura, mathalani Sh. 50/-, usiiguse. Mtoto akiugua usiku, hiyo ndiyo jahazi yako, nayo haina nauli. Na kama una jamaa au jirani mwaminifu, mnaweza kutumiana kredo na kurudishiana bila kumpa mtu wa katikati sehemu yake.

TUNDU LA TATU: DATA INAYOLIWA GIZANI

Simu za siku hizi hufanya kazi hata mwenyewe akilala. Zinachukua picha na video za makundi bila kuuliza, zinajifanyia mapya programu zake, zinacheza video moja baada ya nyingine. Yote haya hulipwa na wewe.

Vijana, nawapa kazi. Leo jioni mkae na baba zenu na mama zenu, mwingie pale penye mipango ya simu, mfanye mambo manne. Moja, zimeni upokeaji wa picha na video unaojifanya wenyewe katika WhatsApp. Mbili, zimeni data ya programu zisizotumika. Tatu, agizeni programu zisijifanye upya mpaka simu ipate mtandao wa bure au wa pamoja. Nne, punguzeni ukubwa wa video. Video ya saa moja huweza kula MB mamia, lakini ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki MB moja. Kwa hivyo anayetaka kumpa mamake habari za shamba, na amtumie sauti. Mama atamsikia vizuri, na bando litabaki.

Na mkimaliza kutumia data, ifungeni. Bomba la maji hufungwa baada ya kujaza ndoo, wala hakuna anayeona kufanya hivyo kuwa ni uchoyo.

TUNDU LA NNE: UJUMBE ULIOUITA BILA KUJUA

Ziko huduma zinazokata kredo kila siku, kama wimbo wanaosikia watu wakikupigia, ujumbe wa mpira, wa mapenzi, wa bahati, hata wa sala. Mtu alibonyeza mara moja miaka miwili iliyopita, akasahau, lakini mtambo haukusahau. Kila asubuhi unachukua chake. Ukiona kredo imepungua na hukupiga simu, usikae kimya. Piga namba 100 ya kampuni yako, uulize huduma gani zimefungwa kwenye laini yako, uzikatae moja moja. Tena mara kwa mara piga *106# uone kama kuna laini nyingine zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako pasipo wewe kujua.

TUNDU LA TANO: KUTUMA NA KUTOA FEDHA

Tangu Machi 2007 M-Pesa ilipoanza, mfanya kazi hahitaji tena kumpa dereva wa gari bahasha ya fedha na kuomba Mungu ifike nyumbani. Ni faida kubwa. Lakini lazima tuisome tarifa, ile karatasi iliyobandikwa ukutani kwa wakala. Wengi huipita kila siku, wala hawajaisoma.

Nachukua tarifa iliyoanza Julai 2023. Kutoa Sh. 200/- kwa wakala ni Sh. 29/-. Kutoa Sh. 2,500/- pia ni Sh. 29/-. Sasa angalieni. Mtu anatoa Sh. 500/- mara tano kwa mwezi, analipa ada ya Sh. 145/-. Jirani yake anatoa Sh. 2,500/- mara moja, analipa Sh. 29/-. Fedha ni zile zile, lakini wa kwanza amepoteza Sh. 116/-, ambazo zingemnunulia unga.

Katika kutuma kuna hesabu yake pia. Kutuma Sh. 3,000/- kwa mara moja ni Sh. 53/-. Ukituma Sh. 1,000/- mara tatu, ni Sh. 13/- mara tatu, yaani Sh. 39/-. Lakini msikimbilie kugawa kila kitu, kwa maana Sh. 5,000/- kwa mara moja ni Sh. 57/-, na ukizigawa mara tano ni Sh. 65/-. Hapo kugawa ni hasara. Ndiyo maana nasema soma tarifa kwanza, tena usome ile ya leo, kwa kuwa hizi hubadilika.

Njia nyingine ni kutotoa fedha kabisa. Duka likiwa na namba ya kununulia bidhaa, yaani till, mteja halipi ada. Ukinunua unga, mafuta na sabuni kwa njia hiyo, ile Sh. 29/- ya wakala inabaki kwako. Ila mwenye duka asikupandishie bei kwa sababu hiyo. Akifanya hivyo, mwambie wazi, au nenda duka la pili.

TUNDU LA SITA: MKOPO NDANI YA SIMU

Hapa ndipo penye maji marefu. Zamani mkopeshaji alikuwa na sura. Ulimjua, ulimwona njiani, ukapita njia nyingine. Sasa amekaa mfukoni mwako. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 mkopo wa siku 30 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5. Inaonekana ndogo. Lakini anayekopa na kulipa na kukopa tena miezi kumi na miwili, ametoa asilimia 90 kwa mwaka. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukuongezea pale fedha zinapopungua, kwa ada ya mwanzo ya asilimia moja, kisha ada ya kila siku ikiwa deni limekaa. Fedha yoyote ikiingia, deni ndilo hula kwanza.

Ndugu wanachama, sikilizeni vizuri neno hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamkataza mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara wako. Yaani sheria imesema hapana budi theluthi moja imfikie mfanya kazi mkononi. Lakini ulinzi huo ni juu ya mwajiri. Haufuati mshahara baada ya kuingia ndani ya simu. Mshahara wako ukiingia kwenye M-Pesa huku una deni kubwa, waweza kukuta imebaki sufuri, wala hapana afisa wa kazi wa kumlalamikia, kwa kuwa ulikubali mwenyewe kwa kidole chako.

Simu za mkopo ni vivyo hivyo. Tuseme unatoa Sh. 2,500/- mwanzo, kisha Sh. 50/- kila siku kwa siku 365. Jumla ni Sh. 20,750/-. Kabla ya kutia kidole, uliza simu hiyo ni bei gani kwa fedha taslimu. Tofauti ndiyo bei ya mkopo. Tena uliza ikiwa utashindwa siku tatu, simu itafungwa? Kwa maana simu iliyofungwa haipokei hata habari ya kazi, na bila kazi deni halilipiki. Afadhali kundi la akina mama la kuchangiana, ambapo kila mwezi mmoja hununua simu yake taslimu, kuliko kulipa simu mbili ili upate moja.

SEHEMU YA SERIKALI

Msidhani kila senti inakwenda kwa kampuni. Kodi ya bidhaa juu ya simu na data ilipandishwa kuwa asilimia 20 mwaka 2021, ikashushwa kuwa 15 kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Sheria hiyo hiyo iliipandisha kodi ya kutuma fedha kwa simu kutoka 12 mpaka 15. Juu ya kredo kuna tena VAT ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo, mtu akitoa Sh. 100/-, karibu Sh. 25/- ni kodi. Mchuma chai na tajiri hulipa kiwango kimoja. Mwaka 2024 ulitolewa mswada wa kuzirudisha kodi hizi za simu kwenye asilimia 20, na mnajua nchi ilivyosimama mwezi wa Juni mpaka mswada ukaondolewa. Kwa hivyo kodi za simu ni neno la wafanya kazi. Wakuu wa vyama vyetu wakiitwa kutoa maoni juu ya fedha za Serikali, tuwakumbushe walitaje.

KAZI YA CHAMA

Nimesema juu ya kazi ya kila mtu. Sasa niseme juu ya yale yasiyoweza kufanywa na mtu mmoja, ambayo naomba tawi liyafikirie.

La kwanza, simu ya kazi ilipwe na kazi. Nyapara akitakiwa kupiga simu kwa watu wake alfajiri, karani akitakiwa kutuma picha za mizani au hesabu kwa WhatsApp, dereva akitakiwa awe hewani usiku, kredo hiyo si ya mke na watoto wake. Ni chombo cha kazi, kama kikapu na koti la mvua. Iingizwe katika mapatano.

La pili, mshahara ukilipwa kwa simu, ada ya kuutoa iwe juu ya nani? Mfanya kazi aliyeandikiwa Sh. 7,997/- akitozwa Sh. 115/- kuzitoa kwa wakala, hakupata alichoandikiwa. Mwajiri amepunguziwa kazi ya kuleta fedha na askari. Basi faida hiyo igawanywe. Ni jambo la kuombwa mezani kwa heshima, na kwa hesabu mkononi.

La tatu, habari za tawi zisitumwe kwa video na picha nzito. Katibu aandike maneno machache, yasomwe na mwenye simu ndogo pia. Na karatasi hii yetu iendelee kubandikwa mahali pa kupimia chai. Karatasi ukutani haili bando la mtu.

MASWALI

Baada ya hotuba mama mmoja aliuliza: "Je, niwe na laini mbili?" Jibu: Ni vizuri ikiwa laini ya pili ina kazi. Kama jamaa zako wengi wako Airtel, na wewe wako Safaricom, laini mbili zaweza kupunguza gharama. Lakini kama utaziwekea kredo zote mbili kila siku, umejenga matundu mawili badala ya moja.

Mzee mmoja aliuliza: "Watoto wangu wa mjini hunibipu tu, mimi ndiye hupiga. Nifanye nini?" Jibu: Mzee, wape saa moja ya juma, kama Jumapili jioni. Wao wapige juma hili, wewe juma lijalo. Mengine yote yaandikwe kwa ujumbe. Mtoto anayejua kuwa Jumapili utasema naye, hatakubipu Jumanne.

Kijana mmoja aliuliza kama si afadhali kuacha simu zenye intaneti na kurudi kwenye simu ndogo. Jibu: Mwenye kupata riziki au elimu kwa intaneti asiiache. Lakini anayeitumia kwa kupitisha saa tu, na aipime kwa daftari, kisha aamue mwenyewe.

NENO LA MWISHO

Ndugu wanachama, sikuja kuwaambia mkae kimya. Watu wasiosemezana hawana chama. Nawaomba jambo moja. Kuanzia Jumatatu, kila mmoja atafute kipande cha karatasi, aandike kwa siku saba kila shilingi inayoingia katika simu, yaani kredo, bando, ada ya kutuma, ada ya kutoa, mkopo, kuchaji. Siku ya saba ajumlishe, azidishe kwa nne na siku mbili juu yake, kisha agawe kwa mshahara wa siku moja. Jibu ni idadi ya siku alizofanyia simu kazi. Siku hizo akiweza kuzipunguza nusu, amejipa nyongeza ya mshahara bila kumwomba mtu.

Na karatasi hizo zileteni kwa Katibu, bila majina. Tukizikusanya mia moja, tutakuwa na hesabu ya kweli ya wafanya kazi wa Keringet, ya kuweka mezani siku tutakapodai kredo ya kazi na ada ya kutoa mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tusikubali kibaba chetu kijaze ghala ya mtu mwingine.

Umoja ni nguvu.